Sybil na Karakana ya Kisumu

Mwanzoni mwa Novemba 1914, meli ya mvuke iliyoitwa Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, kusini mashariki mwa Ziwa Victoria. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na miezi mitatu tu, na Majita ilikuwa upande wa Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na watu wa wakati ule. Meli ilipasuka chini, ikaegemezwa ufukweni isije ikazama, kisha ikaachwa huko, kwenye pwani ya adui.

Ingekuwa meli ya baharini, kisa kingeishia hapo. Nyingine ingeagizwa, ingekuja kwa nguvu ya injini zake yenyewe, na kazi ingeendelea. Ziwani mambo hayaendi hivyo. Hakuna njia ya meli kutoka baharini kuingia Ziwa Victoria. Kila meli kubwa iliyopata kuelea humo ilifika vipande vipande, ikapandishwa milima na kuteremshwa mabonde, ikaunganishwa ufukweni. Anayepoteza meli moja ziwani amepoteza miaka. Kwa hiyo mwezi Mei 1915 Waingereza waliirudia Sybil. Walikwenda na meli na askari hadi ufuko uleule, askari wakashika nchi kavu huku tundu likizibwa, meli ikaelea tena, ikavutwa kwa kamba hadi Kisumu. Huko ikatengenezwa na kurudishwa kazini.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike. Tunapozungumzia ulinzi wa ziwa siku hizi, mazungumzo hukimbilia idadi ya boti, nguvu za injini na aina ya bunduki. Mimi, kila ninaposoma habari za meli zilizolinda maji haya, naona zilivyoishi na kufa kwa kutegemea kitu kimoja kisichopigwa picha sana: karakana iliyokuwa kwenye kona ya Ghuba ya Winam, na mikono ya watu waliofanya kazi humo.

Tuanze na namna meli ilivyofika.

Kabla ya Sybil kulikuwa na William Mackinnon, meli ndogo iliyopewa jina la tajiri wa Kiskoti aliyeanzisha kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Ilipoletwa, reli ilikuwa haijafika ziwani. Sehemu kubwa ya safari kutoka pwani vipande vyake vilibebwa na wapagazi, mtu na mzigo wake kichwani, katika njia ya msafara iliyopita nyika ya Taru, ikapanda nchi ya Wakikuyu, ikateremka Bonde la Ufa na kupanda tena Mau. Chukua muda uwaze hilo. Bamba la chuma lenye matundu ya ribiti likipotea njiani, hakuna duka la kununulia jingine. Meli nzima inasubiri. Mwaka 1900 ndipo iliposhushwa majini Kisumu, na mwaka huohuo ikavuka hadi Entebbe.

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iligusa ziwa tarehe 20 Desemba 1901. Waingereza walipaita mahali pale Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi aliyesimamia kazi ya mwisho ya reli. Jina halikukaa. Wajaluo walikuwa na jina lao, Kisumo, mahali pa kubadilishana chakula wakati wa njaa, na hilo ndilo lililobaki katika umbo la Kisumu. Wakati ule mji huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda; ulihamishiwa upande wa pili, uliokuja kuitwa Kenya, mwezi Aprili 1902.

Sasa gari moshi lingeweza kubeba kile kilichowavunja shingo wapagazi. Reli ya Uganda iliagiza meli mbili pacha, Winifred na Sybil, kutoka kwa waunda meli Bow, McLachlan wa mji wa Paisley, Scotland. Ziliundwa kule kwanza kwa boliti tu, zikasimama nzima kiwandani, kisha kila kipande kikatiwa namba, zikafumuliwa na kusafirishwa. Meli kutoka Ulaya hadi Mombasa, gari moshi kutoka Mombasa hadi Kisumu, zaidi ya kilomita 900. Kule ufukweni zikaunganishwa upya, mara hii kwa ribiti za moto zisizofunguka. Winifred ilitangulia kuingia majini mwaka 1902 na Sybil ikafuata. Kila moja ilikuwa na zaidi ya tani 600, na kwa ziwa ambalo miaka michache kabla lilikuwa halijui chombo kikubwa kuliko mtumbwi wa Wasese na jahazi la wafanyabiashara, hilo lilikuwa jambo zito.

Ndipo ilipozaliwa karakana. Huwezi kuunganisha meli ya tani 600 bila mahali pa kuilaza, bila winchi za kunyanyulia mabamba, bila tanuri za kupashia ribiti, bila fundi wa boila na mhunzi. Vifaa vyote vilivyoletwa kwa ajili ya kuunda vilibaki kwa ajili ya kutengeneza. Mafundi wa Kihindi waliojenga reli wakawa mafundi wa meli. Vijana wa Kijaluo na wa makabila ya jirani wakaingia kama vibarua, wakajifunza kushika nyundo na koleo. Kisumu ikawa mji wa watu wanaojua chuma cha majini, kilomita 900 kutoka baharini. Mji wenyewe hujulikana zaidi kwa samaki na soko. Naona hii nayo ni sifa yake kubwa, na haitajwi inavyostahili.

Kwa miaka kumi Sybil ilifanya kazi ya amani. Ilibeba pamba na ngozi kutoka bandari za Uganda, ikapeleka chumvi, vitambaa na mabati. Wenzake waliongezeka: Clement Hill na Nyanza mwaka 1907, kisha Usoga na Rusinga karibu na mwanzo wa vita, pamoja na boti za kuvuta matishari kama Percy Anderson na Kavirondo. Winston Churchill alivuka ziwa kwa Clement Hill mwaka 1907, na Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu urais wa Marekani, akafanya vivyo hivyo mwaka 1909. Meli hizo zilikula kuni. Kandokando ya ziwa kulikuwa na marundo ya kuni yakisubiri, na safari ya nahodha yeyote iliishia pale rundo la mwisho lilipoishia. Nakumbusha hili la kuni kwa sababu tutakutana nalo tena kwa sura nyingine.

Kisha ikaja Agosti 1914.

Mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani ulikuwa umechorwa Ulaya mwaka 1890 kwa rula: mstari wa nyuzi moja kusini ya ikweta, ukikata maji kutoka mashariki hadi magharibi. Kwenye ufuko wa mashariki mstari huo unapita jirani na Muhuru. Kutoka hapo hadi Kisumu ni mwendo wa siku chache tu wa askari wa miguu, na Kisumu ilikuwa koo la Uganda. Mzigo wote wa Uganda, barua, risasi na chakula cha jeshi, ulipita bandari hiyo. Kisumu ikikatwa, Uganda inakaa peke yake.

Wajerumani walilijua hilo. Mwezi Septemba waliingia nchi ya Abagusii na kuushika mji wa Kisii, na tarehe 12 wakapigana huko na askari wa King's African Rifles (KAR), wale walioitwa keya na watu wetu. Vita vilikuwa vikali pande zote mbili, na Wajerumani waliojeruhiwa sana wakarudi nyuma. Abagusii walioupora mji ulipoachwa wazi waliadhibiwa vikali baadaye na serikali ya kikoloni. Ziwani nako Wajerumani walikuwa wameshika bandari ndogo ya Karungu, wakiwa na boti yao ya kuvuta, Muansa, iliyotiwa mzinga mdogo.

Winifred ilipotumwa kupeleka askari Karungu ilikwenda kama ilivyokuwa, meli ya abiria na pamba. Muansa ikaifyatulia, Winifred ikageuza. Hebu fikiria aibu ya nahodha: meli yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ile boti, lakini haina jino. Siku chache baadaye ilirudi ikiwa na silaha, safari hii ikifuatana na Kavirondo, na Muansa ikaondoka. Karungu ikakombolewa.

Yaliyotokea katikati ya safari hizo mbili hayapewi nafasi katika vitabu vya vita. Mzinga hauwekwi juu ya sitaha ya meli ya mizigo kama meza inavyowekwa sebuleni. Ukifyatuliwa unarudi nyuma kwa nguvu. Sitaha isipoegemezwa kutoka chini, ribiti zinang'oka. Lazima mtu ashuke chini, apime, akate chuma, aweke nguzo. Kazi hiyo yote ilifanyika pande hizi za ziwa, kwa haraka, na watu ambao wiki moja kabla walikuwa wakitengeneza pampu na bomba za mvuke. Meli za reli zikawa meli za doria.

Hapakuwa na msaada wa kutarajia kutoka baharini. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg ilivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha Pegasus ya Waingereza. Jeshi lao la majini lilikuwa na shughuli zake za pwani, na hata lingekuwa na meli mia ya ziada, lingezipitisha wapi? Ziwa lilipaswa kujilinda kwa kilichokuwepo.

Ndiyo maana mwamba wa Majita uliuma. Chombo kimoja kati ya vile vichache kilikuwa kimetoweka kwenye hesabu, na kilikuwa hatarini kugeuka mali ya upande mwingine. Ziwa hili si lenye kina kama wengi wanavyodhani; mahali pake pa kina kikubwa ni kama mita 80, na pwani zake zimejaa miamba inayokaa futi chache chini ya maji. Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa amepima ziwa kwa uvumilivu mkubwa mwanzoni mwa ukoloni, lakini ramani moja haimalizi miamba yote ya ziwa la kilomita za mraba 68,000. Wavuvi wa Majita bila shaka waliujua mwamba ule kwa jina.

Mapema 1915 Winifred iliikuta Muansa na kuikimbiza hadi ikapanda ufukweni. Wajerumani waliiopoa baadaye, kwa sababu nao walikuwa na Mwanza yao na mafundi wao, lakini kwa muda njia ilikuwa nyeupe. Katika nafasi hiyo ndipo Sybil ilipofuatwa.

Naiona safari ile ya kurudi kuwa kubwa kuliko ushindi wowote wa mizinga ziwani. Meli iliyotobolewa inavutwa taratibu, pampu zikifanya kazi usiku na mchana, kila wimbi likijaribu kiraka. Inavuka mstari wa mpaka, inapita kandokando ya Mfangano, inaingia mlango wa ghuba kati ya Rusinga na Uyoma, na kutoka hapo inatulia kidogo, maana Ghuba ya Winam ni maji mafupi yaliyozungukwa na nchi. Winam kwa Kijaluo ni kichwa cha ziwa. Huko kichwani ndiko mgonjwa alikopelekwa. Mabamba yaliyopinda yakatolewa, mapya yakapigwa ribiti, na Sybil ikashushwa majini kwa mara ya pili katika maisha yake, kwenye ghuba ileile ilikozaliwa.

Mwezi Juni mwaka huohuo ziwa liliona msafara wake mkubwa kuliko yote ya nyuma. Meli za Kisumu zilibeba askari wa Jenerali Stewart, Waingereza, Wahindi na keya, kuvuka zaidi ya kilomita 350 hadi Bukoba. Walishuka alfajiri ya tarehe 22 kaskazini ya mji, wakapigana siku mbili katika vinamasi na mawe, wakauteka mji tarehe 23 na kubomoa mnara wa simu ya upepo uliowawezesha Wajerumani kupashana habari. Miongoni mwao alikuwepo mwindaji maarufu Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Mji uliporwa vibaya, na hilo ni doa lisilofutika kwa kuitwa ushindi. Kisha askari wote wakapakiwa tena na kurudishwa Kisumu. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, kisiwa cha Ukerewe kikachukuliwa kutoka majini, na tarehe 14 Julai 1916 Mwanza ikaanguka. Tangu siku hiyo ziwa lote lilikuwa na mwenyewe mmoja, na doria haikuwa na wa kumvizia.

Askari waliokwenda Bukoba wameandikwa. Majenerali wameandikwa. Manahodha wamo katika kumbukumbu za jeshi. Aliyeingia ndani ya boila ya Sybil, penye giza na masizi, kugonga bamba moja baada ya jingine ili asikie lililolegea, jina lake halimo.

Baada ya vita Sybil haikuishi maisha marefu ya fahari. Meli mpya zilikuwa kubwa na zenye kasi zaidi. Hatimaye iling'olewa injini, ikawa tishari, mwili wa chuma unaovutwa ukiwa umejaa mzigo, na mwisho wa yote ikazamishwa makusudi iwe ukuta wa kuvunja mawimbi. Wako wanaouona huo kuwa mwisho mnyonge. Mimi sikubaliani nao. Chombo kilichobeba pamba, kikabeba mzinga, kikabeba tena pamba bila injini, kisha kikalala chini kukinga vyombo vingine na mawimbi, kimetumika hadi ukucha wa mwisho.

Karakana nayo iliendelea, ingawa mji ulipata pigo mwaka 1931. Mwaka huo reli kutoka Nakuru kupitia Tororo na Jinja ilifika Kampala, na pamba ya Uganda haikuwa na haja tena ya kuvuka ziwa. Hata hivyo kazi ya kuunganisha meli ilibaki Kisumu. Victoria, iliyoundwa na Yarrow wa Glasgow, ilikuja vipande kama Sybil na ikashushwa majini Kisumu miaka ya mwanzo ya 1960. Baada yake zikaja Umoja na Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha, zilizobeba mabehewa mazima kutoka bandari hadi bandari. Majina hayo mawili yanasema yote kuhusu matumaini ya siku zile.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mali ikagawanywa kama ya wanandoa waliotengana: Victoria na Umoja Tanzania, Uhuru Kenya. Karakana iliyozoea kutunza meli za nchi tatu ikabakiwa na chache za kushughulikia. Fundi hakai na ujuzi wake bila kazi. Anazeeka, anastaafu, na kijana wa kumrithi hakuajiriwa. Katika miaka ya 1990 magugu maji yalitanda ghuba nzima, yakafunga gati la Kisumu kwa majuma na kukaba rafadha za kila chombo kilichothubutu kupita. Uhuru yenyewe ilisimama gatini kwa zaidi ya miaka kumi, ikishika kutu.

Sasa linganisha kimya hicho na yaliyokuwa yakitokea majini. Ule mstari wa rula haukufutika. Kenya ilirithi karibu asilimia 6 tu ya ziwa. Mbuta alipoanza kuuzwa Ulaya, samaki akawa dhahabu, na mvuvi wa Kenya akalazimika kumfuata mbali zaidi, hadi maji ya jirani. Boti zikakamatwa, injini na nyavu zikatwaliwa, watu wakalala rumande nchi za watu. Mwaka 2004 polisi wa majini wa Uganda walipiga hema na kusimika bendera Migingo, kisiwa cha mawe kisichofikia ukubwa wa uwanja wa mpira, kilichofunikwa na nyumba za mabati. Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Mvuvi hawezi kuvua juu ya mawe. Wengi wa wavuvi hao huondokea Sori na Muhuru, na Sori iko kwenye Ghuba ya Karungu, ghuba ileile ambako Winifred iligeuza mwaka 1914 kwa kukosa jino.

Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuunda Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka 2018, na tarehe 19 Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliizindua Liwatoni, Mombasa. Chombo chake cha kwanza kikubwa kiliitwa Doria, meli ya mita 54 iliyoundwa Bangladesh. Jina la huduma lina neno pwani, lakini kazi yake inaingia hadi maziwa ya bara: kuzuia uvuvi haramu na magendo, kulinda mazingira ya maji, na kuokoa watu. Hilo la mwisho ndilo mama wa mtoto wa Mbita au Usenge analiwaza upepo unapogeuka usiku na wavuvi wa omena hawajarudi gatini.

Doria ya Mombasa haiwezi kuja Kisumu, kama vile Pegasus isingeweza. Boti za ziwa ni ndogo, za kwenda kasi, na adui zao ni walewale wa Sybil: mwamba, wimbi la ghafla, magugu kwenye rafadha, na lile rundo la kuni ambalo siku hizi ni pipa la mafuta. Malalamiko ya wavuvi yamekuwa ni hayohayo kwa miaka mingi, kwamba unapiga simu ya dharura na kujibiwa boti ipo lakini imeharibika, au ipo nzima na haina mafuta. Boti ya doria iliyofungwa gatini ikisubiri kipuri haina tofauti na Sybil iliyolala Majita. Tofauti ni kwamba Sybil ilifuatwa.

Ndiyo sababu nilifurahi sana Jeshi la Majini la Kenya lilipoitengeneza MV Uhuru mwaka 2019, na meli iliyodhaniwa kuwa chuma chakavu ikaanza kubeba mafuta hadi Port Bell, Uganda. Mwishoni mwa Mei 2021, siku moja kabla ya sherehe za Madaraka zilizofanyika Kisumu, kiwanda cha kuunda meli kilifunguliwa rasmi bandarini chini ya Kenya Shipyards, na kazi ya MV Uhuru II ikaanza, meli ya mita 100, kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Nyundo zililia tena kwenye kichwa cha ziwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari ya ulinzi kuliko uzinduzi wa boti yoyote, kwa sababu mahali panapounganishwa meli ya mita 100 boti ya doria ya mita kumi haina sababu ya kukaa mwaka mzima ikisubiri fundi kutoka Mombasa.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa Kisumu, Homa Bay, Siaya, Migori na Busia. Wazee waliofanya kazi katika karakana ya meli, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki na baada yake, baadhi yao bado tunao. Wanajua boila ilivyofunguliwa, Victoria ilivyounganishwa, mwamba gani uko wapi bila kutazama ramani. Kama ni baba yako, babu yako au jirani yako, keti naye jioni moja, mwombe akutajie majina ya wenzake, na uyaandike.